Bustani Iliyojimwagilia Yenyewe

Kazi yangu ni kufunga mitambo ya kumwagilia bustani za majumbani. Wewe unapanda ukoka wako na maua yako, mimi nakuja nafukia mabomba ardhini, naweka vichwa vya kunyunyizia vinavyochomoza vyenyewe kutoka kwenye nyasi, halafu nakufungia ukutani kisanduku chenye saa. Kuanzia hapo kazi yako ni kulala. Alfajiri kisanduku kinafungua maji, bustani ikishashiba kinafunga. Ndivyo ninavyowaambia wateja, na siku hizi ni kweli tupu. Kuna mwaka mmoja na nusu haikuwa kweli, na katika mwaka huo na nusu ndipo nilipopata wateja wengi.

Tenda yangu ya kwanza ya maana ilikuwa Bigwa, chini kabisa ya mlima, kwa mama mmoja aliyestaafu kazi kubwa serikalini. Sisi watu wa Morogoro tuna bahati yetu ya peke yetu: mlima unatiririsha maji mchana kutwa mbele ya macho yetu, na bado bombani maji yanakuja yanapojisikia. Kwa hiyo mama alikuwa na matanki mawili nyuma ya nyumba, na mbele alikuwa na uwanja wa ukoka ambao mtaa mzima ulikuwa unauonea wivu. Nilipogonga geti siku ya kwanza, nikiwa na shati jipya lenye maandishi ya biashara yangu mgongoni, aliyenifungulia alikuwa mjomba wangu.

Hapa lazima nieleze, maana wasio Waluguru huwa hawaelewi uzito wake. Kwetu ukoo ni wa mama. Baba tunampenda, tunamheshimu, lakini mwenye neno juu yako ni kaka wa mama yako. Huyu ndiye aliyenipeleka shule, na ndiye aliyekwenda kuniposea mke. Nilijua anatunza bustani ya mtu Bigwa, ila Bigwa bustani ni nyingi na sikuwahi kumuuliza ni ya nani. Mpwa mwenye shati jipya ana mambo mengi ya kufikiria.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

"Nimekuja kikazi. Nafunga mashine ya kumwagilia."

Mkononi alikuwa ameshika mpira wa kijani, maji yanatoka, anamwagilia. Aliutazama ule mpira, akanitazama mimi, akaenda kufunga koki. "Karibu," akasema. Nilitamani nirudi zangu nyumbani.

Sikurudi. Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba, nikamkuta barazani. Yeye alikuwa ameshapiga hesabu yake: mashine ikifungwa, mzee hana kazi tena, aende akapumzike. Nikamwambia, "Mama, hapana. Mashine hii inataka mtu wa kuiangalia." Nikaanza kumtungia mjomba kazi palepale. Kuna chujio la kusafisha. Kuna nyasi za kupunguza kuzunguka kila kichwa. Kuna kisanduku cha kupangusa vumbi. Niliongea mpaka mwenyewe nikaamini kwamba mashine isiyo na mtu wa kuiangalia inaweza kufa kwa upweke.

"Haya, abaki," akasema mama. "Lakini siku nikimwona amekaa tu, ataondoka."

Jioni nilimsimulia mke wangu jinsi nilivyomwokoa mjomba. Nilisimulia kwa urefu. Kesho yake nikamsimulia tena, akaniambia hiyo ameshaisikia.

Tukaanza kuchimba. Uwanja ule kwa juu ni ukoka, ukishuka kidogo unakutana na mawe yaliyoporomoka mlimani tangu dunia inaumbwa. Nilikuwa nimejifunza kazi hii chuo cha ufundi kidogo na kwenye video za simu sana, na kwenye video yule mzungu alikuwa na udongo laini kama unga wa sembe. Anakata mtaro huku anapiga mluzi. Mimi kila nikishusha sururu, cheche zinaruka. Siku ya pili viganja vilikuwa vimechubuka, nikaamua kwamba kitaalamu shubiri moja inatosha.

Mjomba alikuja akasimama pembeni. Akaingiza mkono kwenye mtaro wangu, akautoa.

"Chimba mpaka kiwiko," akasema. "Hapa huwa panafungwa turubai."

"Mjomba, mabomba haya ni ya kisasa."

"Na vile vyuma vinavyokitwa ardhini kushika turubai ni vya zamani. Chimba."

"Mjomba, hii ni taaluma ya watu."

Nilimjibu hivyo, mimi, kwa mdomo wangu huu. Nilifukia mabomba yangu kwa kina cha shubiri moja, nikasawazisha, nikarudishia ukoka juu yake, ukakaa vizuri kabisa. Kwa macho hungejua kitu.

Siku ya kukabidhi, mama aliita kikundi chake cha akina mama. Kulikuwa na soda na sambusa. Nikabonyeza kitufe, vichwa vyote vikachomoza kwa pamoja, maji yakaruka, vigelegele vikapigwa, dada mmoja akalowa kanga nzima na bado akawa anapiga makofi. Mama alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, umenifurahisha. Ila ikiniaibisha hii, mji wetu ni mdogo, na mimi wote nawafahamu." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kisanduku tulikipanga kifungue maji alfajiri, kabla jua halijaanza kunyonya. Huo ndio ushauri sahihi wa kitaalamu, hata leo nautoa. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba mashine inafanya kazi watu wamelala, na isipofanya pia wamelala. Mama ndiyo kwanza alikuwa anafaidi kustaafu, kwa hiyo hakuwa anatoka nje kabla chai haijawa tayari. Alikuwa akitoka anakuta nyasi zimelowa, taa ya kisanduku inawaka kijani, anasema "Mashine imeshafanya kazi," anaketi.

Nami nikanenepa. Kila baada ya miezi mitatu nilikwenda kuikagua. Ukaguzi wenyewe naona haya kuueleza. Nilikuwa napangusa kisanduku, nabonyeza vitufe vinalia, natazama nyasi zimekolea kijani, naondoka. Nikitaka kujaribu maji, mjomba alikuwa ananiambia tanki limeshuka, tusilimalize, na kwa Morogoro hilo ni jambo la kuaminika siku yoyote. Mara moja moja nilimwona anatembea kwa kuchechemea. Nilimuuliza, akasema ni goti, nikamwambia asiwe anakaa kwenye baridi ya asubuhi. Akaitikia, "Nimesikia, mjomba."

Wateja wapya nilikuwa nawapeleka pale pale. Mwalimu mmoja wa Mzumbe nilimpeleka, na mfanyabiashara mmoja wa duka la vifaa mjini, Mhindi mpole mwenye maswali mengi. Mchana mashine hatuiwashi, nawaeleza, jua linakula maji. Wanatazama nyasi. Nyasi hazina hila, zimenona. Halafu yule mfanyabiashara akamgeukia mjomba, aliyekuwa amesimama na mkasi wake mkubwa wa nyasi.

"Mzee, haijaharibika hata mara moja?"

Mjomba akautazama uwanja taratibu. "Hii? Hii haijawahi kuumwa hata mafua."

Jamani, nilivimba kichwa. Nilimwambia mke wangu kwamba mzee sasa ameikubali taaluma.

Mwaka huo wa pili, mwezi wa tisa, jua limeshika kiuno, mjomba akaitwa mlimani kwenye kikao cha ukoo. Kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, na vikao vya ukoo wetu vya mpaka havijui kitu kinaitwa ratiba. Mtu mmoja anaanza kusimulia toka kwa bibi wa bibi, mkifika kwenye mpaka wenyewe mmeshalala mara tatu. Huko kwetu juu simu zinashika kwenye jiwe moja tu, na lazima usimame upande. Kwa hiyo alipoondoka, aliondoka kweli.

Siku ya sita mama alinipigia simu. Hakunisalimia. "Njoo uone," akasema, akakata.

Nilikuta uwanja wa rangi ya mkeka uliochakaa. Kwenye kingo ukoka ulikuwa umeshakauka, ukiukanyaga unalia. Kisanduku changu ukutani kinawaka kijani, kimeandika kwamba alfajiri hii kimemwagilia bila tatizo. Kinaongopa kwa utulivu kama mtu mzima. Nikazunguka nyuma kwenye matanki, nikakuta koki kubwa ya kupeleka maji kwenye mtambo imefungwa, na imefungwa siku nyingi, maana buibui alikuwa amejenga hapo. Nikaifungua. Nikarudi mbele, nikabonyeza kitufe.

Vichwa havikuchomoza. Badala yake maji yakaanza kububujika ardhini penyewe, hapa, na pale, na pale. Nikahesabu matundu manane. Mstari mmoja wa manne, na mstari mwingine wa manne, umbali sawa kabisa, kona zimepimwa vizuri. Ukiunganisha kwa kamba unapata umbo la turubai.

"Makubwa haya," nikasema peke yangu.

Dada anayepika pale, mtu mzima mwenzangu, alikuwa amesimama mlango wa jikoni anafuta mikono. Nikamwendea. "Hapa pamefungwa turubai lini?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Si ule msiba wa jirani. Uwanja wao mdogo, mama akatoa wa kwake. Wiki ya pili tu tangu ufunge mashine. Kwani hukujua?"

"Na maji?"

"Maji yalitapakaa alfajiri, mama hajaamka, watu wako kwenye mikeka, mzee akakimbia kufunga. Tangu hapo anamwagilia yeye kwa mpira. Anaamka kabla ya adhana. Akatuambia, mtu asimwambie mama, na kuliko vyote mtu asimwambie fundi."

Naomba niseme wazi nilivyojisikia, maana nimekwishazoea kulisimulia jambo hili kwa kuchekesha. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nililifikiria lile goti. Nilifikiria nilivyomwambia asikae kwenye baridi ya asubuhi.

Hapo ndipo mama alipotoka. Aliona maji yanabubujika, aliona koki imefunguliwa, na akili yake ya ukubwa serikalini ikafunga faili mara moja.

"Nilijua tu," akasema. "Mzee alikuwa anaichukia mashine hii tangu siku ya kwanza. Ameitoboa, amefunga maji, halafu huyo kaenda zake mlimani. Fundi, pole sana. Umehujumiwa."



Ningependa kuandika kwamba nilimkatiza. Sikumkatiza. Nilisimama pale na shati langu la biashara, nikaona njia pana, safi, iliyonyooka: fundi amehujumiwa, jina la fundi liko salama, wateja wote wa mwaka na nusu wako salama. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa kwa huzuni. Na kichwa, Mungu anisamehe, kilianza kutikisika.

Mama akamwita mlinzi. "Mzee akirudi asiingie. Atachukua vitu vyake getini." Akamwagiza dada avitoe chumba cha uani alimokuwa analala mzee. Dada akavileta kimoja kimoja, bila kunitazama, akavipanga ukutani karibu na geti. Mabuti ya mvua. Koti. Redio ndogo iliyofungwa kwa raba. Mwisho akaleta ule mpira wa kijani, akaulaza juu ya mabuti. Mpira ulikuwa umefungwafungwa vipande vya bomba la baiskeli kila ulipopasuka, zaidi ya sehemu kumi, na mafundo yote yalikuwa yamekazwa vizuri. Mimi nina duka la vifaa vya maji nyuma ya gari. Mjomba hakuwahi kuniomba hata kiungio kimoja cha mpira, kwa sababu ningemuuliza anakifanyia nini.

"Mama," nikasema. "Subiri."

Nikamweleza yote. Shubiri moja. Mawe. Kiwiko. Turubai. Nani amekuwa akimwagilia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akakaa kwenye ngazi za baraza.

"Kwa hiyo wageni wangu wote wale niliokuwa nawaringia," akasema, "nilikuwa nawaringia nini?"

"Mpira, mama."

"Na goti la mzee."

"Na goti la mzee."

Kisha alinipa makavu yangu, ambayo sitayaandika hapa kwa sababu nina watoto. Mwisho akasema nitafukua mabomba yote na kuyafukia upya, kwa mikono yangu mwenyewe, na mzee akirudi ndiye atakayeniambia imetosha.

Mjomba alishuka baada ya siku mbili. Alikuta uwanja umefukuliwa, mimi nimo mtaroni mpaka magotini, na mama anamsubiri getini ili amwombe radhi. Akampokea mama kwa heshima zote. Halafu akaja kwangu, na hakuwa na heshima hata moja. Alianza kwa Kiluguru, ambacho anakitumia akikasirika, kisha akahamia Kiswahili ili na mlinzi afaidi.

"Mwaka na nusu naamka usiku usiku kukutunzia jina. Wewe umelimwaga mara moja, mbele ya mlinzi!"

"Mjomba, angekufukuza."

"Angenifukuza, ningekwenda kwangu! Mimi nina shamba! Wewe una nini? Una shati!"

Akainama, akaingiza mkono kwenye mtaro. "Bado," akasema.

Tulifanya kazi siku tisa. Kila hatua mbili alikuwa anashusha mkono wake mpaka kiwiko kiguse usawa wa nyasi. Udongo ukimkwaza vidole, anasema "Bado," nami narudi kwenye jiwe. Yale mawe tuliyatoa kwa mtaimbo, mengine kwa kamba. Kuna siku nilipunguza mwendo makusudi, nikawa nazungukazunguka na kiungio kimoja kutwa nzima. Mjomba ananijua tangu nanyonya.

"Unaogopa nini?"

"Mjomba, hii ikifanya kazi kweli, hapa huna kazi tena."

"Najua," akasema. "Chimba."

Siku ya kumi nikabonyeza kitufe. Vichwa vyote vikachomoza, maji yakaruka juu ya ule uwanja wa mabaka, hakuna tone lililotoka mahali pasipotakiwa. Mjomba aliangalia mzunguko mzima mpaka maji yakajifunga yenyewe. Kisha akaenda kwa mama kuaga. Mama alimsihi abaki, apumzike tu, chumba kipo, chai ipo. Mjomba akashukuru, akasema hawezi kukaa kwenye kiti akiangalia bomba linafanya kazi yake. Akachukua mabuti, koti na redio. Mpira wa kijani aliuomba, akapewa.

Nilimpandisha mlimani mwenyewe, gari mpaka lilipokomea, kisha kwa miguu, mimi nimebeba mpira begani. Shamba lake liko kwenye mteremko, matuta ya karoti na kabichi yameshikana kama ngazi, na maji yako chini kwenye kijito. Mpira ule haukufika hata tuta la kwanza. Nikaona hapa ndipo pa kulipia dhambi zangu. Nikamwambia, "Mjomba, nitakufungia mtambo. Pampu ndogo ya jua, mabomba, kisanduku. Bure kabisa. Nitachimba mpaka kiwiko."

Alikuwa amekaa kwenye jiwe ananyoosha lile goti.

"Mashine wapelekee watu wasiokuwa na mpwa," akasema.

Basi kila Jumamosi, kiangazi chote, mwenye kampuni ya umwagiliaji wa kisasa anapanda mlima na keni mbili za kumwagilia. Nateka kijitoni, napanda mteremko, namwaga, nashuka, nateka tena. Simu huwa inaita nikipita karibu na lile jiwe linaloshika simu, mteja anauliza kama kweli mtambo wangu unafanya kazi wenyewe bila mtu kushika kitu, nami nahema, namjibu ndiyo, kabisa. Mjomba anakaa pale juu na redio yake. Ananisubiri nifike na keni, natua mzigo, anainuka anachechemea mpaka kwenye tuta nililomaliza, anachomeka kidole kwenye udongo.

"Bado," anasema.